Saba Saba ni ya nani? Jibu kwa baraza la kahawa la Ngamiani

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Ngamiani, Tanga. Barazani petu tumekaribia kurushiana vikombe. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli, anasema Saba Saba ni siku Waingereza walipoiteka Tanga katika vita vya nyuki. Fundi cherehani anasema ni siku ya kuzaliwa TANU, basi. Dereva wa lori wa Mombasa, ambaye hupumzika kwetu kabla ya kuvuka mpaka wa Horohoro, anasema ni siku Wakenya walipodai vyama vingi. Binti yangu aliye chuo anasema ni Siku ya Kiswahili Duniani. Mimi nilisema ni siku ya maonyesho tu, wakanicheka. Nani mkweli? Na iweje siku moja ibebe mambo yote haya, kuna siri katika hiyo saba? Tumekubaliana kwamba aliyekosea atalipia kahawa na kashata wiki nzima.

Jibu: Marahaba mwanangu, na salamu kwa baraza zima, hadi kwa muuza kahawa, ambaye naona ndiye peke yake mwenye uhakika wa faida katika ugomvi huu.

Nianze na mzee wa reli. Kwanza ni heshima ya umri, pili amepatia na kukosea kwa pumzi moja, na hapo ndipo sisi watu wa historia tunapopata raha. Ni kweli Waingereza waliingia Tanga tarehe 7 Julai 1916. Ilikuwa Ijumaa, na kwa hesabu ya mwandamo ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani ya mwaka 1334. Hebu uone mji ulivyokuwa: watu wana swaumu, wanajiandaa kwenda msikitini, na Mjerumani waliyemzoea kwa zaidi ya miaka 25 hayupo tena. Korogwe ilikuwa imeshachukuliwa katikati ya Juni, reli ya kutoka Moshi imo mikononi mwa majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts, na Tanga imebaki kama embe lililokatwa kikonyo, linangoja kuokotwa tu. Hapakuwa na vita kubwa ya kuutetea mji. Bagamoyo ilifuata tarehe 15 Agosti, na Dar es Salaam ikachukuliwa tarehe 4 Septemba.

Nyuki ni habari nyingine, tena ya miezi 20 nyuma yake. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilitia nanga mbele ya Tanga na kuutaka mji ujisalimishe. Nyuma yake kulikuwa na msafara wa meli zilizobeba jeshi kutoka India, watu wapatao 8,000, chini ya Meja Jenerali Aitken. Wakashukia Raskazone. Upande wa pili alikuwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wapatao 1,000, wengi wao wakiwa Waafrika, walioletwa kwa treni kutoka upande wa Moshi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow-Vorbeck alipanda baiskeli akaenda mwenyewe kupeleleza mji na njia za Raskazone, na mchana wake ndipo kilipowaka.

Risasi zilipoanza kupasua miti na mizinga ya nyuki iliyotundikwa humo, nyuki wakatoka. Baadaye Waingereza wengine walidai ni hila ya Wajerumani, eti mizinga ilifungwa kamba makusudi. Lakini nyuki hasomi sare. Waliwauma Wajerumani pia, na baadhi ya bombomu zao, yaani bunduki za rashasha, zilinyamaza kwa sababu waliokuwa wakizipiga walizikimbia. Tarehe 5 Novemba jeshi la Aitken likarudi melini, likiwa limepata hasara ya watu zaidi ya 800 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea, na likaacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi zaidi ya nusu milioni. Bunduki hizo Wajerumani walizitumia kwa muda mrefu baada ya hapo.

Kwa hiyo katika vita vya nyuki Waingereza walipigwa, na katika Saba Saba yao waliingia mji ambao haukuwa na mtetezi. Mzee amechukua ushindi wa 1916 akaupa nyuki wa 1914. Simlaumu, kwa kuwa masimulizi ya mdomo ndivyo yalivyo: mambo mawili yakitokea mahali pamoja hulazwa kitanda kimoja, na tarehe ya moja hufunika mengine. Nimesikia kosa hilohilo Pangani na Muheza, kwa watu waliosoma kunizidi.

Sasa fundi cherehani. Yeye hana wasiwasi. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, siku ya Jumatano, kutokana na kile chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, ambacho Mwalimu Nyerere alikuwa amechaguliwa kuwa rais wake mwaka 1953. Waasisi waliohesabiwa ni 17. Tarehe ikakaa, ikawa sikukuu, na hata TANU yenyewe ilipokwisha mwaka 1977 sikukuu haikwenda nayo.

Hapo jiulize kwa nini. Vyama vingi vilizaliwa, na tarehe zao hazikumbukwi hata na wanachama wenyewe. Nadhani sehemu kubwa ya sababu ni sikio. Sema “tarehe kumi na tisa Machi” uone kama kuna mtu atatikisa kichwa. Sema “Saba Saba” na mtoto wa chekechea anaimba. Kiswahili kinapenda kurudia neno: pole pole, sawa sawa, haraka haraka. Tarehe iliyoangukia namba pacha ilikuta kitanda kimeshatandikwa. Ndiyo maana baadaye tukapata na Nane Nane ya wakulima, tarehe 8 Agosti. Maonyesho yako wewe, yale ya Barabara ya Kilwa kule Dar es Salaam yanayoanza mwishoni mwa Juni, yalipewa jina na sikukuu hiyo. Hayakuizaa. Waliokucheka walikuwa na haki kidogo. Kosa lako si maonyesho, ni lile neno “tu”.

Binti yako naye ni kweli kabisa. Mkutano Mkuu wa UNESCO uliokaa Paris ulipitisha tarehe 23 Novemba 2021 kwamba 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, na mara ya kwanza iliadhimishwa mwaka 2022. Sababu mojawapo iliyotolewa ni hiyohiyo TANU ya fundi: chama kilichokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kudai uhuru. Maana yake siku ya binti ni mtoto wa siku ya fundi, kwa hiyo hawana cha kugombania. Wagawane kashata.

Ila hapa nina neno langu. Watu wakisoma maelezo hayo huondoka wakidhani Kiswahili kilianza kuunganisha watu siku hiyo ya 1954. Mtu wa Tanga hatakiwi kuamini hivyo. Mji wenu ulikuwa na shule ya serikali tangu miaka ya 1890, ikifundisha kwa Kiswahili, na mwanzoni mwa karne ya 20 palichapishwa hapo gazeti la Kiswahili likiitwa Kiongozi. Makarani, walimu na maakida walilisoma hadi bara, na wasomaji wenyewe walituma habari za kwao. Gazeti hilo halikuvuka mwaka 1916. Na mwaka 1916 ndio uleule wa mzee wa reli. Utawala ulioingia Tanga Ijumaa ile ya Ramadhani ulifunga ukurasa mmoja wa Kiswahili cha maandishi, na miaka 38 baadaye, tarehe hiyohiyo, chama kilichokuja kuuondoa utawala huo kikazaliwa kikisema Kiswahili. Hakuna aliyepanga. Lakini mimi nikiulizwa nichague jambo moja la kusoma barazani siku ya Saba Saba, ningesoma hilo.

Kuna tarehe nyingine ambayo hakuna aliyeitaja barazani kwenu, nami nashangaa, maana inamhusu dereva anayevuka mpaka kila wiki. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioirudisha jumuiya iliyovunjika mwaka 1977, ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na Mkapa, Moi na Museveni, lakini ulianza kufanya kazi tarehe 7 Julai 2000. Ukiona mahali pameandikwa kwamba ulitiwa saini Saba Saba, jua mwandishi amechanganya saini na kuanza kazi. Hayo ni makosa ya kawaida kabisa katika orodha za “leo katika historia”, na mmoja akikosea wengine mia hunakili.

Dereva wa Mombasa mwambie hakutudanganya. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa hadhara uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku ya Jumamosi tarehe 7 Julai, kudai vyama vingi. Serikali ikawatia ndani siku tatu kabla. Watu wakaenda hivyo hivyo, polisi wakaingia, ghasia zikaenea kwa siku kadhaa na watu wakafa. Mwishoni mwa 1991 kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja kikafutwa, na Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura ya vyama vingi. Tangu hapo kwao Saba Saba si siku ya pilau na maonyesho, ni siku ya kushuka barabarani. Mwaka 2025, miaka 35 kamili, vijana wakashuka tena tarehe ileile, na damu ikamwagika tena. Hapo ndipo unapoona tarehe inavyofanya kazi: ikishapata jina, huita nyingine. Mtu mwenye la kudai hatachagua tarehe 12 wakati ipo ambayo kila mtu anaielewa bila kuelezwa.

Na si Waswahili peke yetu tunaovutwa na pacha hiyo. Wachina wana saba saba yao ya machungu: tarehe 7 Julai 1937 majeshi ya Japani na China yalirushiana risasi karibu na daraja la Marco Polo, nje ya Beijing, na vita ikawaka hadi 1945. Kwa lugha yao huliita tukio la saba-saba. Waingereza pia huitaja hivyo tarehe 7 Julai 2005, mabomu manne yalipolipuka London, matatu kwenye treni na moja ndani ya basi, yakaua watu 52. Wajapani wana sikukuu ya nyota jioni ya siku ya saba ya mwezi wa saba, na Wachina wana ya kwao ya wapendanao usiku wa saba, ila hiyo hufuata mwezi wa angani, kwa hiyo kwa kawaida huangukia Agosti. Visiwa vya Solomon vilipata uhuru tarehe 7 Julai 1978. Ningeweza kuendelea mpaka kahawa ikaganda.

Sasa swali lako la siri. Siri haipo, ila hesabu ipo. Mwaka una siku 366 ukihesabu na ya mwaka mrefu, na historia iliyoandikwa ina matukio maelfu kwa maelfu. Ukiyatundika yote kwenye vigingi 366, hakuna kigingi kitakachobaki kitupu, na vingine vitaelemewa. Jaribuni wenyewe: baraza likiwa na watu 23 tu, uwezekano wa kupata wawili waliozaliwa tarehe moja unapita nusu. Watu wengi hawaamini mpaka wahesabu. Nilikuwa nikilifanya darasani kila mwaka, darasa la watu 45, na sikumbuki kushindwa.

Juu ya bahati kuna mkono wa mtu. Azimio la Arusha, ambalo lilipitishwa Arusha mwishoni mwa Januari, lilitangazwa Dar es Salaam tarehe 5 Februari 1967. CCM ikazaliwa tarehe 5 Februari 1977, miaka kumi kamili. Hiyo si bahati, ni makusudi. Uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri 9 Desemba 1962, ni makusudi pia. Ukikuta mambo mawili ya serikali katika tarehe moja, uliza kwanza kama la pili lilichagua kulifuata la kwanza.

Na juu ya mkono wa mtu kuna karani. Kitambulisho changu kinasema nimezaliwa tarehe 7 Julai 1959. Kila Saba Saba wajukuu hunipigia simu kunitakia heri, nami nashukuru, lakini ni uongo. Marehemu mama alipoulizwa nimezaliwa lini alisema “Mfungo Saba”. Karani, ambaye hakuwa mtu wa pwani, akasikia “mwezi wa saba”. Alipouliza tarehe ngapi, mama akasema hakumbuki. Karani akatazama alichokwisha kuandika, akaongeza saba nyingine mbele, akasema hiyo haisahauliki. Mwaka huo Mfungo Saba, yaani miezi saba tangu Ramadhani, uliangukia Oktoba. Kwa hiyo serikali inanijua kwa miezi mitatu ambayo sikuwa nimezaliwa, na nilistaafu mapema kwa sababu ya karani mmoja kupenda pacha.

Kisa hicho kina mzizi wa jambo kubwa zaidi. “Siku moja” ni siku moja kwa kalenda ipi? Rudi kwa mzee na fundi. Kwa kalenda ya Kizungu, kuingia Waingereza Tanga na kuzaliwa TANU ni tarehe moja. Kwa kalenda ambayo bibi zetu wa Tanga waliitumia, la kwanza lilitokea Ramadhani na la pili Mfungo Pili, mwezi mmoja baada ya Idi ya kufungua. Hazikutani hata kidogo. Kichekesho ni kwamba mwezi wa angani ulikuwa na umri uleule mara zote mbili, kama siku sita hivi, kwa kuwa kila baada ya miaka 19 mwezi hurudi karibu tarehe ileile ya jua, na 1916 hadi 1954 ni mara mbili ya 19. Mvuvi wa Sahare angekuta maji ya siku hizo mbili yanafanana. Shekhe angekuta funga siku moja na chakula siku nyingine. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2000? Ilianguka ndani ya Mfungo Saba. Saba ya tatu hiyo, mpe anayetafuta siri.

Wazungu wenyewe hawakuwa na kalenda moja. Mwaka 1582 nchi za Kikatoliki ziliruka kutoka tarehe 4 Oktoba hadi 15. Waingereza wakakaa na ya zamani hadi 1752, walipoamka kutoka tarehe 2 Septemba wakajikuta tarehe 14. Warusi walichelewa zaidi, ndiyo maana mapinduzi yao ya Oktoba 1917 yaliadhimishwa Novemba. Ukiona orodha inaweka jambo la Moscow la mwaka 1700 pembeni ya jambo la Roma la mwaka uleule kwa tarehe moja, kuna siku kumi au kumi na moja zimemezwa hapo katikati. Kwa tukio la kabla ya 1900, mimi huuliza kalenda kwanza, halafu ndio nasoma habari.

Nakuja kwenye kahawa, maana naona ndiyo iliyokutuma.

Dereva halipi. Binti halipi. Fundi amesema kweli ila aliongeza “basi”, na kwa neno hilo alipe siku moja. Mzee wa reli ana tarehe sahihi na nyuki wasio wake. Angepaswa kulipa siku tatu, lakini mzee halipishwi barazani, kwa hiyo siku zake zinakuangukia wewe uliyemsemea shauri lake. Wewe na “tu” yako una tatu zako. Jumla sita zako na moja ya fundi, wiki imetimia.

Kabla hamjaanza kulipa, kubalianeni jambo moja na muuza kahawa: wiki yenu inahesabiwa kuanzia alfajiri au kuanzia magharibi? Kwa hesabu ya pwani siku huanza jua likizama. Akianzisha wiki jioni ya leo, vikombe vya leo usiku ni vya kesho, na mtagombana upya.